Mwaka wa Propela Zinazong'aa

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kunishangaza tena. Nimeona moto unaonyweshwa maji ndiyo kwanza unazidi kuwaka, nimeona fundi mwenye cheti akiomba kazi kwangu mimi niliyeishia darasa la nne, nimeona noti ya jana ikashindwa kununua kiberiti leo. Nina karakana mbili Musoma na nyumba tatu Nyasho, na tanuri langu walimu wa ufundi wanaleta wanafunzi kulitazama na kuandika kwenye daftari. Kwa hiyo siku tulipokwenda Butiama kumzika Mzee Mafuru, aliyenifundisha kuyeyusha na kumimina sufuria, nilikwenda kama mtu aliyefika. Nilivaa koti, nikatoa mchango wa kuonekana. Tumekaa kwenye viti tunangoja chakula, akaja mtu mwenye mvi akakaa pembeni yangu na sahani yake. Nilimtambua kwa masikio kabla ya sura, maana Bwire wa Kibara ana masikio ambayo hayazeeki. Tulikuwa hatujaonana miaka ishirini na kitu. Akanisalimia vizuri, akamega ugali, akatafuna, kisha akasema huku anatazama kaburi, "Fundi, bado unang'arishaga?" Tonge likanikwama. Watu wakadhani namlilia marehemu, mama mmoja akanipa maji ya kunywa na pole.

Mwaka aliokuwa anausema Bwire, sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kibali, na spea hata kwa kibali haikuwepo. Injini ya boti ikiharibika propela, lile feni la mabawa matatu linalozunguka majini na kusukuma chombo, mwenye boti alikuwa na njia mbili: aweke injini ndani aifunike gunia, au aende kwa magendo ng'ambo ya mpaka na akirudi akutane na askari. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepanga chumba Nyasho nyuma ya hoteli ya Nyangeta, mjane mnene mwenye ulimi. Ukuta kati ya chumba changu na meza zake ulikuwa wa mabanzi tu, mabanzi yenyewe yamekauka yakaachana, kwa hiyo nililala, nikaamka na kuvaa suruali ndani ya mazungumzo ya watu wanaokula. Nilijua nani hana unga, nani ameficha vitenge chini ya kitanda cha mama mkwe, lori gani linatoka Bunda na mafuta ya taa. Chumba kilinuka samaki saa zote, kwa sababu uani Nyangeta alikuwa na pipa la maji ya chumvi analolowekea sangara kabla ya kuwakausha. Sangara ndiyo kwanza walikuwa wamelijaa ziwa na watu hawajajua wawafanye nini, ila yeye alishajua. Asubuhi nilikula kwake kiporo cha ugali wa unga wa njano na mchuzi wa jana. Sikupungukiwa. Mtu anayejua moto hapungukiwi.

Nilichokuwa nafanya ni hiki. Zile gari ndogo za Kijerumani za mgongo wa chura, zilizokuwa zimekufa kila mahali kwa kukosa spea, kasha lake la gia ni la madini meupe mepesi kupita sufuria. Mzee Mafuru ndiye aliyenionyesha, kule Butiama, kwamba ukiyakwangua kwa tupa na vumbi lake ukalirushia moto, linawaka mwanga wa kuumiza macho. Na alinionya. "Hii siyo ndugu wa sufuria, mura. Iyeyushe kwenye chungu cha udongo, ikilainika tu, mimina, usiiache motoni ikalewa. Mimina kwenye kalibu ya chuma baridi, ishtuke. Ikishapoa imepoa, usiirudishe jikoni. Na ile ngozi yake nyeusi ya nje usiivue." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa nini ni ya wenye shule. Mimi nakwambia fanya." Nilikaa naye miaka miwili, nikaona nimemaliza. Alikuwa anatoa sufuria tatu kwa siku na kupumzika katikati. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwa mtu.

Propela ya kwanza niliimimina kama alivyosema, kwa chungu na kalibu ya chuma, ikatoka nyeusi kama kisahani cha masizi. Ilifanya kazi, niliijaribu mwenyewe kwenye boti la mtu pale mwaloni, zinapoegeshwa boti. Lakini hakuna aliyeinunua. Wenye boti waliigeuza geuza, wakasema hii ya kienyeji. Wakati ule neno kienyeji lilikuwa tusi, kila mtu alitaka kitu cha nje, na kitu cha nje kinang'aa. Nikasema sawa, nitawapa cha nje. Vyungu vilikuwa vinanipasukia, nikakata bomba nene la chuma nikalichomelea kitako, likawa sufuria yangu ya kuyeyushia. Moto nikauzidisha kwa mivukuto miwili ili uji uwe mwepesi kama maziwa, nikanyunyiza juu unga wa kiberiti, ule wa kutibia upele wa mbuzi, usiwake. Nikaacha kalibu ya chuma moja, nikafinyanga kalibu nyingi za mchanga. Mabawa yaliyotoka yamepinda niliyarudisha motoni nikayanyoosha, kisha nikayatumbukiza kwenye ndoo ya maji yakiwa moto, chwaa, kama mhunzi anavyokaza jembe, kwa sababu kila mtoto wa kwetu anajua kwamba chuma kinapata ugumu kwa moto na maji. Mwisho nikavua ngozi yote kwa tupa, nikasugua kwa majivu na katani mpaka unajiona meno. Zilinunuliwa kabla hazijapoa. Nyangeta alikuwa akiwaambia wateja wake, "Huyu kijana wa nyuma hapa ana mikono ya Mzungu," na mimi upande wa pili wa mabanzi najisikilizia.

Bwire alikuja kutoka Kibara kuchukua yake. Aliipandisha juani, akanikonyeza. "Fundi Magesa, hii hata kuitia majini ni dhambi." Nikamwambia, "Kaitie tu. Itakuzika wewe na wanao." Nilikuwa naongeaga hivyo.

Miezi miwili baadaye ukaja msako wa walanguzi. Askari na vijana wa mgambo waliingia nyumba hadi nyumba, na ukikutwa na kitu zaidi ya kimoja ulitakiwa kukitolea maelezo. Watu walitupa sabuni chooni, walimwaga sukari ziwani, mimi nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa na propela tano ndani: nne mpya za kung'aa, na ile nyeusi ya kwanza iliyokosa mnunuzi. Nikazizamisha zote kwenye pipa la chumvi la Nyangeta, chini ya sangara, bila kumwambia. Askari walikuja, wakafunua pipa, harufu ikawarudisha nyuma, wakaondoka. Siku ya tisa, Alhamisi, nimelala baada ya chakula cha mchana, nikamsikia Nyangeta uani.

"Magesa. We Magesa. Pipa langu linachemka bila moto."

Nikatoka. Maji yalikuwa ya kijivu na mapovu madogo yanapanda, tii, tii, tii, kama uji ulioanza kushika. Yeye ameshika mwiko kama silaha. "Kuna mtu ananichezea," akasema. "Kuna mtu ameona samaki wangu wanauzika." Nikamwambia asogee. Nikaingiza mkono mpaka begani, nikatoa propela ya kwanza ya kung'aa, na bawa moja likabaki kwenye maji. Ilikuwa imeliwa matundu kama sega lililokamuliwa. Nikatoa ya pili, ya tatu, ya nne, zote hivyo, zina unga mweupe wa kuteleza. Nyangeta akaniangalia, akawaangalia samaki wake. "Kwa hiyo mchawi ni wewe." Nilijiambia palepale, ni chumvi hii, ziwa halina chumvi, hakuna neno. Kisha nikaitoa ya tano. Ile nyeusi. Maji yaleyale, siku zilezile, ubavu kwa ubavu na wenzake. Ilikuwa na madoa mawili matatu ya kijivu, basi. Nikaigonga kwenye ukingo wa pipa, ikalia kama kengele.

Siku hizi naweza kukueleza sababu yake, nina mpangaji mhandisi aliyenifafanulia kwenye kibaraza kwangu na nilimsikiliza kama mtu anayesikia jambo alilokwisha kulijua. Madini yale yanaitwa magnesiamu. Ukiyapika kwa moto mkali ndani ya chuma, yanalamba chembe za chuma, na kila chembe inakuwa kama betri ndogo inayoyatafuna kutoka ndani. Yakipoa haraka kwenye kalibu baridi, punje zake zinakuwa ndogo na zinazungukwa na kitu kama ukuta unaozuia kutu, na ngozi ya juu ndiyo ukuta mzito kuliko yote. Yakipoa polepole mchangani punje zinanenepa, ukuta unaachana. Ukiyarudisha motoni na kuyatumbukiza majini, unauyeyusha ule ukuta uliobaki. Ukimaliza, unavua ngozi. Yaani makosa yote aliyonikataza mzee asiyejua kusoma niliyafanya kwa mpangilio, nikayapiga msasa. Lakini Alhamisi ile sikuwa na mhandisi. Nilikuwa na propela moja inayolia na nne zinazomeguka, na kichwani nahesabu za kung'aa nilizokwisha kutoa: kumi na nane. Ziko majini miezi miwili, mitatu, zimebanwa kwenye mtaimbo wa chuma wa mashine, ambao unazitafuna zaidi. Ziwa lingefanya polepole kazi ambayo chumvi ilifanya kwa siku tisa. Ila lingeifanya.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Upande wa pili wa mabanzi kulikuwa na mtu wa Kibara anakula sato, anaongea na mdomo umejaa.

"Jumamosi Bwire anapeleka kwaya kisiwani. Harusi ya mtoto wa katekista."

"Wote hao na boti lile?"

"Kumi na tisa. Ana mashine, ana propela mpya. Watarudi Jumatatu."

Sikulala vizuri, na Ijumaa asubuhi nikafunga ile nyeusi kwenye kitenge nikaondoka. Mpango wangu, nasema ukweli, haukuwa wa kusema ukweli. Nilitaka nimfikie Bwire kabla hajaondoka, nimwambie nimemletea bora zaidi bure kwa sababu ya urafiki, nimbadilishie, nirudi na ile mbovu chini ya kitenge na jina langu juu. Bunda nilifika saa sita, na Bunda nikakwama, dizeli hakuna. Lori la pamba la Kibara lilikuwa limeegeshwa na dereva amelala chini yake. Nilikaa kwenye hoteli moja karibu na stendi nikanywa chai ya kutafunia pipi, maana sukari haipo, nikala muhogo ambao sikuusikia ladha. Meza ya jirani walikuwa wavuvi wawili.

"Wewe yako umepata wapi?"

"Musoma, kwa yule Magesa. Inang'aa hiyo, mke wangu anataka aitundike ukutani."

"Yangu nayo ya huko. Sema juzi ilianza kutetemesha mashine."

"Kaza nati, bwana. Wewe hukazagi nati."

Nilikuwa mita moja kutoka kwao. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Yule wa pili akageuka akaniona namtazama, akasema, "Nakufahamu. Si ndiye wewe, fundi?" Nikasema ndiye. Akaninunulia soda ya moto, nikainywa. Nimefanya mambo mengi ya kujivunia maishani na wanaonijua wanayajua, lakini nikipita stendi ya Bunda mpaka leo natazama upande mwingine.

Dizeli ilipatikana usiku, lori likaondoka Jumamosi alfajiri. Nilifika Kibara saa nne ya asubuhi, nikashuka mbio mpaka ufukweni, boti halipo. Nyabise, mke wa Bwire, alikuwa anatandaza dagaa kwenye mchanga na mkono mmoja kiunoni. "Karibu fundi. Umekuja kula sifa zako? Wameondoka saa kumi na mbili, wanaimba." Nikamwambia nilikuwa napita tu. Akacheka, "Kibara watu hawapitagi, shemeji, hapa ndiyo mwisho wa barabara." Akaniwekea ugali wa mtama na ningu wa kuchemsha, nikanawa, nikala. Nilikaa kwenye kigoda alichonipa karibu saa nzima. Upepo ulikuwa umeanza, mawimbi yanavunjika vichwa vyeupe huko mbali. Nikamuuliza wangefika saa ngapi, akasema saa tatu kama ni shwari. Nikamuuliza wasipofika watu wa kisiwani watafanyaje. "Watasema wameghairi. Na sisi huku tunajua wapo harusini mpaka Jumatatu." Alilisema kawaida tu, anawafukuza kuku kwenye dagaa. Ndipo nikaelewa kwamba kwenye dunia nzima, mtu mwenye sababu ya kuwatafuta wale watu kabla ya Jumatatu nilikuwa peke yangu, na nilikuwa nanyonya miiba ya samaki.

"Mama," nikamwambia, "ile propela ni mbovu."

"Ipi?"

"Niliyompa Bwire. Inaliwa na maji. Inaweza kukatika saa yoyote."

Alinawa mikono taratibu sana, kidole kimoja kimoja. "Rudia." Nikarudia. Nilitegemea apige kelele, hakupiga. Akanishika mkono wa shati akanipeleka kwa wanaume waliokuwa wanashona nyavu, akanisimamisha mbele yao kama mbuzi wa mnada. "Mimi simsemei," akasema. "Aseme kwa mdomo uleule anaojisifiaga."

Nikasema. Mwanzoni walicheka. Mzee mmoja akauliza, "Mura, umekunywa nini asubuhi hii? Fundi gani anaitukana kazi yake?" Nikafungua kitenge, nikawaonyesha ile nyeusi, nikawaeleza habari ya pipa. Kicheko kikaisha. Boti lenye mashine lililobaki ufukweni lilikuwa moja. Petroli hakuna, mpaka mdogo wake katekista, maana katekista mwenyewe alishatangulia kisiwani, akaenda akafyonza kwa mpira ile ya pikipiki ya misheni. Wakainua mashine kuitia mafuta, na mwenye boti akaganda. Akanitazama, nikaitazama propela yake. Inang'aa. Nilipoishika kitovu nikazungusha mkono, bawa likacheza kama jino la mtoto. Nikaitoa kwa spana yao, pini ikaniangukia mchangani na mtu mwingine akaiokota. Nikaifunga ile nyeusi, ile iliyokosa mnunuzi, nikapanda na mimi. Hawakunialika. Kuogelea sijui.

Tuliwapata kama saa nane mchana, upepo umewapeleka upande usio wao, mbali na kisiwa. Ungetegemea kwaya iwe inaimba. Walikuwa kimya kabisa, nusu wanachota maji kwa sufuria za zawadi, nusu wanapiga kasia kwa mbao za kukalia, mama mmoja amelaza kichwa ukingoni anatapika na mwenzake anamshika kitambaa kisipeperuke. Niliwahesabu mara mbili kabla hatujawafikia. Kumi na tisa, na Bwire wa ishirini. Nikahesabu tena.

Tulipowafunga kamba, Bwire aliinua mashine yake ili nione. Kilichobaki kwenye mtaimbo kilikuwa kama mfupa ambao mbwa ameuchoka. Nilianza kusema samahani, na chumvi, na pipa. Alinyanyua mkono nikanyamaza.

"Zingine ziko ngapi?"

"Kumi na saba. Moja tumeitoa leo kwenye boti hili. Kumi na sita."

"Unajua zilipo?"

"Najua."

"Sasa kwa nini unakaa kuniomba radhi mimi?"

Nilianza Jumapili, kwa miguu, kwenye mialo yote ya Kibara, kisha nikafuata pwani ya ziwa nikirudi Musoma. Ilinichukua miezi mitatu. Yule aliyeninunulia soda Bunda nilimkuta yake imebaki mabawa mawili, alinitemea mate karibu na kiatu, akaipokea hela. Mkulima mmoja wa Guta mwenye boti la kukodisha alikataa katakata, akasema nimegundua ina thamani nataka kuiuza ghali kwa mwingine. Nilirudi kwake mara nne, mara ya nne nikaitia yake kwenye beseni la maji ya chumvi mbele ya wake zake tukakaa kuitazama mpaka jioni. Nilikwenda Butiama nikamweleza Mzee Mafuru kila kitu, nikitegemea anitukane. Aliniuliza kama vyungu vya udongo bado vinapatikana Musoma, nikasema vipo, akasema basi. Watu wamesema mengi juu ya mtaji wangu, kwamba nilipata hirizi, kwamba nilichimba dhahabu. Mtaji wangu ni kwamba baada ya mwaka ule, mwenye boti yeyote kutoka Majita mpaka Kibara akitaka propela alitaka nyeusi, na alitaka ya Magesa, kwa sababu hawakuwahi kuona fundi anayerudi kununua ubovu wake. Wakati ruksa ya kuagiza bidhaa za nje ilipokuja na spea za nje zikajaa madukani, mimi nilikuwa tayari nimesimama. Lakini mwaka ule wenyewe nilibaki na suruali mbili na kitanda cha kuazima kwa Nyangeta, maana changu nilikiuza. Nilizinunua zote kumi na saba kwa bei ileile niliyouzia, nikamtafutia Bwire mpya ya ng'ambo ya mpaka, nikalipa sangara walioharibika kwenye pipa na petroli ya pikipiki ya misheni. Jumla yake, shilingi elfu kumi na nne mia sita na tano.